Kivuli Kifuani mwa Mjomba

Msomaji, habari ninayotaka kukusimulia ni habari ya neno moja ambalo nililimeza pale nilipopaswa kulitamka. Mimi ni mwalimu, na kazi yangu katika chuo cha ualimu ni kuwafunza walimu wa kesho namna ya kusoma na kufahamu. Kila mwaka huwaambia kwamba asomaye sentensi akaruka neno moja hajaisoma sentensi ile. Wao hudhani kwamba somo hilo nimelitoa kitabuni. Wewe nitakuambia nilikolipata.

Katika likizo ya Agosti mwaka 2016 nilikuwa nyumbani kwetu, karibu na mji wa Kitale. Umri wangu ulikuwa miaka 29, na katika ukoo wetu mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza kufika chuo kikuu, jambo ambalo lilinipa heshima kubwa kuliko umri wangu. Barua za shule, za benki na za ardhi zililetwa kwangu nizisome. Jioni moja mjomba wangu, kaka yake mama, alimtuma binti yake aje kuniita. Nilimkuta ameketi uani juu ya kigoda, mkewe karibu naye, na wazee wawili wa ukoo kando yao. Mapajani mwake palikuwa na bahasha kubwa ya kaki.

"Mpwa wangu," alisema, "wewe ndiwe macho yetu. Nilikwenda kupigwa picha ya kifua kwa sababu ya kikohozi hiki. Wamenipa karatasi. Nisomee."

Karatasi yenyewe ilikuwa na mistari minne tu ya Kiingereza. Ilisema kwamba katika sehemu ya chini ya pafu la kulia palionekana kivuli cha mviringo chenye upana wa sentimita 7. Kwamba kivuli hicho kilishukiwa kuwa saratani. Na kwamba mgonjwa apelekwe hospitali kubwa akachunguzwe zaidi. Niliisoma mara mbili kimoyomoyo. Wazee walikuwa wakinitazama midomo. Nikainua uso, nikasema: "Mjomba, wanasema ni saratani ya mapafu. Wanataka uende hospitali kubwa."

Umeona nilichokifanya? Karatasi ilisema kilishukiwa; mimi nikasema ni. Sikukusudia kudanganya mtu. Nilidhani kwamba lile neno la shaka lilikuwa adabu tu ya madaktari, mfano wa mtu anayebisha hodi katika nyumba ambayo mlango wake u wazi. Tena, nikiri yote, niliona kwamba msomi anayeitwa mbele ya wazee hapaswi kurudi na jawabu la labda. Jawabu la ni lilikuwa na uzito zaidi kinywani mwangu.

Mkaza mjomba wangu alijifunika uso kwa leso. Mjomba mwenyewe alinyamaza, kisha akauliza swali moja tu, kama saratani ya mapafu ina dawa. Nikamjibu kadiri ya nilivyosikia watu wakisema, kwamba ni ngumu.

Yaliyofuata yalikwenda kwa haraka. Mjomba alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi, mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu akiambiwa kwamba siku zake ni chache huanza kuzihesabu. Aliuza mbuzi 34 kwa bei ya hasara, pamoja na beberu mmoja mkubwa mwekundu aliyempenda kuliko wanyama wake wote. Alilipa madeni yake, akawaita wazee, akagawa shamba. Binti yake, binamu yangu, ambaye wakati ule alikuwa katika Kidato cha Tatu, hakurudi shuleni muhula ulipofunguliwa. Karo iliwekwa akiba kwa ajili ya mazishi, na yeye akabaki nyumbani kumwuguza baba yake. Kuhusu hospitali kubwa, wazee walisema kwamba hapakuwa na maana ya kulipa fedha nyingi ili kuambiwa mara ya pili jambo ambalo mwalimu amekwisha kulisoma.

Mjomba akaacha kula. Mwili ukapungua, mashavu yakabonyea, na kila aliyekuja kumjulia hali alitoka akinong'ona kwamba kweli saratani imeanza kumla. Mimi nami nilinong'ona pamoja nao. Kumbe kilichokuwa kikimla wakati ule kilikuwa ni maneno yangu.

Usiku mmoja, kiasi cha wiki nne baada ya siku ile, alishikwa na kikohozi kikali kuliko vyote, akatema maji mengi, meupe kama ya kisima, ambayo alisema yalikuwa na ladha ya chumvi. Baada yake akawashwa mwili mzima hadi alfajiri. Majirani walisema huo ndio mwisho. Mkaza mjomba peke yake ndiye aliyekataa. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua fedha iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya jeneza, akasema: "Kama atakufa, basi na afe akiwa ametazamwa." Akaniamuru niwasindikize. Sikuthubutu kukataa, maana mimi ndimi niliyekuwa nimeisoma karatasi.

Kabla hatujafika huko, yafaa uielewe picha yenyewe, maana humo ndimo yalimoanzia makosa.

Mnamo Novemba mwaka 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, mtaalamu wa fizikia aliyeitwa Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi ambayo haikuonekana kwa macho, lakini iliweza kupenya vitu ambavyo mwanga wa kawaida hauvipenyi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, ikaonyesha mifupa yake na pete iliyokuwa kidoleni. Watu waliiona wakastaajabu. Tangu siku hizo madaktari wamekuwa wakitazama ndani ya vifua vya watu walio hai. Lakini eksirei haipigi picha ya ugonjwa. Hupiga picha ya vivuli. Mapafu yamejaa hewa, na mionzi hupita humo bila ya kizuizi, kwa hiyo mapafu huonekana meusi. Mbavu huizuia mionzi, kwa hiyo huonekana nyeupe. Kitu chochote kinachochukua mahali pa hewa ndani ya pafu huonekana kama doa jeupe: usaha, damu, nyama ya saratani, kovu la kifua kikuu, au maji. Kwa macho ya eksirei ya kawaida, maji na nyama havina tofauti. Mtu anayeisoma picha hiyo hutazama ukubwa wa doa, umbo lake, na kingo zake kama ni laini au zimechakaa, kisha hupima kwa akili lipi ni la kuelekea zaidi. Katika kifua cha mtu wa miaka 57 ambaye amevuta sigara tangu ujana wake, la kuelekea zaidi ni saratani. Aliyeandika karatasi ya mjomba hakukosea hata kidogo. Alishuku panapostahili kushukiwa, akaandika kwamba anashuku, akataka uchunguzi zaidi.

Katika hospitali kubwa ya rufaa tuliyokwenda, mpango ulikuwa kumchoma mjomba sindano ndefu kupitia ubavuni na kutoa kipande kidogo cha ule uvimbe, ili kitazamwe kwa darubini. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kuithibitisha saratani. Mjomba alikwisha kuvuliwa shati. Daktari aliyekuja alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, ambaye hakuanza na sindano bali alivuta kiti akaketi.

"Mzee, shikamoo. Umefanya kazi gani maishani mwako?"

"Marahaba. Biashara ya mbuzi, Daktari. Miaka 20 kasoro kidogo."

"Ulikuwa ukiwanunua wapi?"

"Turkana. Lodwar, Kakuma, mpaka Lokichoggio. Nilikuwa nikilala na mifugo njiani."

"Na mbwa je?"

Mjomba alicheka, kicheko cha kwanza tangu Agosti. "Daktari, nani awezaye kulala na mbuzi porini bila ya mbwa?"

"Mlipochinja huko, mlipata kuona vifuko vya maji katika ini au mapafu ya mbuzi?"

"Mara nyingi sana. Vingine vidogo kama punje za mahindi, vingine kama yai."

"Mlivifanyaje?"

"Tulivikata, tukawatupia mbwa."

Mama yule aliiweka karatasi mezani. Akauliza kama kifua kimepata kutoa kitu kisichokuwa makohozi. Mkaza mjomba ndiye aliyemsimulia habari ya yale maji ya chumvi na ule mwasho wa usiku kucha. Hapo daktari alimwambia muuguzi aliyekuwa naye airudishe sindano mahali pake.

Msomaji, inawezekana nawe umekwisha kuviona vifuko hivyo bila ya kujua jina lake. Ikiwa umesimama karibu na mahali anapochinjwa mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia, umeona pengine ini lenye lengelenge jeupe lililojaa maji safi. Lile ni kao la mtoto wa tegu. Mzazi wake huishi ndani ya utumbo wa mbwa, na ni mdogo ajabu: urefu wake hauzidi milimita 7 hivi, na maelfu yake huweza kukaa ndani ya mbwa mmoja naye mbwa akawa mzima, akibweka na kutikisa mkia. Mayai yake hutoka pamoja na kinyesi cha mbwa, yakashika majani, udongo, maji na manyoya ya mbwa mwenyewe. Mbuzi akila majani hayo, yai huanguliwa tumboni mwake; kijidudu kilichomo hutoboa utumbo, kikaingia katika damu, na damu hukipeleka katika ini. Kikipenya ini hufika katika mapafu. Huko hujijengea kifuko chenye maji, na ndani ya kifuko huzaliwa vichwa vingi vidogo vya tegu, vikingoja. Vinamngoja mbwa. Siku mbuzi atakapochinjwa na mbwa akatupiwa lile ini, kila kichwa huwa tegu mpya, na safari huanza tena.

Binadamu hana nafasi katika safari hiyo. Huingia kwa bahati mbaya. Mtoto anayecheza na mbwa kisha akala bila ya kunawa, mchungaji anayekunywa maji ya kidimbwi pamoja na wanyama, mfanyabiashara anayelala ubavuni pa mbwa wake usiku wa baridi, hao wote huweza kumeza yai bila ya kujua. Kifuko hukua polepole, miaka mitano, kumi, hata zaidi, bila ya maumivu. Mara nyingi hukaa katika ini, na baada ya ini mahali kinapopenda zaidi ni mapafu. Mwenye nacho hajui lolote mpaka kiwe kikubwa kiasi cha kusukuma kitu, au kipasuke.

Na kupasuka kwake ni jambo la kuogopwa. Maji yale yakimwagika ndani ya mwili, mwili huweza kupambana nayo kwa ghadhabu hata mtu akazimia na kufa. Na vile vichwa vidogo vikitawanyika kifuani vyaweza kuota kila kimoja kifuko chake. Hii ndiyo sababu sindano ile iliondolewa. Dawa ya kutambua saratani ingaliweza kuwa hatari kwa mtu asiyekuwa na saratani. Kifuko cha mjomba kilikuwa kimevuja chenyewe usiku ule, maji yake yakapitia katika koo la pumzi yakatoka mdomoni, naye akaponea kuwashwa tu. Tulichokiita mwisho kilikuwa ni ushahidi mkubwa kuliko karatasi yangu.

Daktari alianza na altrasaundi ya tumbo. Katika ini palionekana kifuko kingine, kidogo, chenye vifuko vichanga ndani yake mfano wa mbegu ndani ya pasheni. Kisha mjomba akaingizwa katika skeni, ile mashine inayomzunguka mtu kwa eksirei na kumtazama kipande kwa kipande kama mkate uliokatwa. Aliyeiunda alikuwa mhandisi wa Kiingereza, Godfrey Hounsfield; mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwayo mjini London mwaka 1971, na mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini, ambaye alikuwa ametafuta hesabu za kazi hiyo. Mashine hiyo hutofautisha vitu ambavyo eksirei ya kawaida huvichanganya. Hukipa kila kitu namba yake: hewa ni -1000, maji ni 0, na nyama huwa juu ya maji. Ndani ya kile kivuli cha mjomba namba zilikaribia 0. Tena palikuwa na kitu ambacho daktari alituita tukione kwenye kioo: utando wa kifuko ulikuwa umebanduka baada ya kuvuja, ukawa unaelea juu ya maji yaliyobaki. Alituambia kwamba madaktari hulinganisha utando huo na jani la yungiyungi ziwani. Mjomba alitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Basi miaka yote hii ndicho kile nilichokuwa nikikikata kwa mbuzi."

Walimpasua mwezi wa Oktoba. Walizungushia mahali pale vitambaa vilivyoloweshwa katika maji ya chumvi kali ili vichwa vidogo vikimwagika vife, wakayatoa maji, wakautoa na utando. Nilionyeshwa utando huo ndani ya chupa: mweupe, laini, mithili ya ute wa yai lililochemshwa. Baadaye akapewa vidonge vya albendazoli avile kwa miezi kadhaa, kwa ajili ya kile cha ini na kwa ajili ya chochote kilichosalia.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma habari za maradhi hayo kila ninapoweza, kwa bidii ya mtu anayelipa deni. Nimejifunza kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 Turkana ilitajwa na wachunguzi kuwa mojawapo ya mahali palipokuwa na wagonjwa wengi wa vifuko hivi kupita pote duniani, na kwamba mwaka 1983 shirika la AMREF lilianza huko kazi ya kuwapasua wagonjwa, kuwapima watu kwa altrasaundi, kuwatibu mbwa minyoo na kuwafundisha wafugaji. Nasema haya kwa tahadhari, kwa maana wako watu wanaopenda kusikia kwamba ugonjwa fulani ni wa kabila fulani. Tegu hajui kabila. Anajua mbwa, maini mabichi na uhaba wa maji ya kunawia. Watu wa Iceland, kaskazini kabisa mwa dunia, waliteswa naye vilevile. Mwaka 1863 msomi mmoja wa Denmark, Harald Krabbe, alipelekwa kule kumchunguza, na mwaka 1864 kikachapishwa kijitabu chake kikagawiwa bure majumbani, kikieleza tu kwamba mbwa wasipewe matumbo yenye vifuko. Sheria ya mbwa ikafuata mwaka 1869. Ugonjwa ukapungua kizazi baada ya kizazi hata ukatoweka. Mimi mwalimu hufurahi kila nikikumbuka kijitabu kile.

Tena tegu huyu siye peke yake avaaye joho la saratani. Katika nchi za Asia ya Mashariki, na katika sehemu za Afrika ya Magharibi na ya Kati, yuko mnyoo bapa anayeingia mwilini mwa mtu alaye kaa wa mtoni wasioiva vizuri. Hukaa katika mapafu, mwenyewe akakohoa makohozi yenye rangi ya kutu, na picha yake imewapoteza madaktari mara nyingi, leo wakidhani kifua kikuu, kesho saratani. Yuko na mnyoo wa moyo wa mbwa, ambaye mbu humpeleka kwa binadamu. Hawezi kukomaa ndani yetu, hufa katika mshipa mdogo wa pafu, na kaburi lake huonekana katika eksirei kama sarafu. Marekani na Japani watu wamepasuliwa vifua ili saratani itolewe, ikatolewa maiti ya mnyoo. Hata mashine mpya zinazotumia sukari yenye mionzi, ambazo huonyesha mahali palipo na saratani kwa kung'aa, huweza kung'aa vilevile mahali ambapo mwili unapigana na mnyoo.

Lakini usije ukaichukua habari hii vibaya, ukaenda kumwambia mgonjwa wa saratani kwamba pengine ana mnyoo tu. Kosa la upande wa pili lipo, nalo ni baya zaidi. Kwetu wapo watu wanaokohoa wakapewa dawa za kifua kikuu, miezi ikapita, kumbe ni saratani inayokua. Ningekuwa nimemsomea mjomba kwamba ni mnyoo, nisingekuwa nimefanya kosa dogo kuliko lile. Karatasi haikusema saratani wala haikusema mnyoo. Ilisema twendeni tukatazame, na sisi tukakaa nyumbani wiki tano tukigawa shamba.

Mjomba yu hai hadi leo. Ameacha sigara, si kwa hofu ya mapafu yake, bali kwa sababu mkewe alizitupa chooni siku aliporudi kutoka hospitali, wala hakuthubutu kuuliza. Anafuga mbuzi wachache nyumbani. Akichinja, huchimba shimo kwa mkono wake mwenyewe, akafukia mapafu na ini lenye vifuko, akaweka jiwe juu. Mbwa wake huketi kando ya jiwe lile nusu ya siku.

Ilinichukua mwaka mzima kupata moyo wa kukiri. Nilimwendea siku ya Jumapili na ile karatasi, nikamsomea upya, neno kwa neno, pamoja na lile nililolimeza. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Yaani niliuza beberu wangu kwa ajili ya neno moja?" Akacheka hata akashika kovu lake. Wazee wana uwezo wa kusamehe ambao mimi sijaupata bado. Ila kila tukikutana na beberu mwekundu njiani hunigusa kiwiko.

Binamu yangu hakucheka. Yeye alirudi shuleni mwaka 2017, akakaa darasani na watoto aliowazidi, na wenzake wa zamani walipofanya mtihani wa Kidato cha Nne yeye bado alikuwa nyuma yao. Siku ile alikuwa jikoni, na mlango ulikuwa wazi, akasikia yote. Alitoka akipangusa mikono, akaomba aione karatasi. Akaniuliza ni neno lipi. Nikamwonyesha kwa kidole. Alilisoma, akarudia kulisoma, akaikunja karatasi mara nne akaitia katika mfuko wa sketi yake, akarudi jikoni. Hajanirudishia.